Siku moja maishani mwangu: zamu ya chumvi, macho kwa setilaiti

Saa 8 mchana. Kazi yetu ya usiku, kumwaga chumvi barabarani ili barafu isigande, huanza jua lingali juu. Picha za setilaiti ya hali ya hewa, iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta, huingia kila dakika 10 hadi 15. Tunatafuta mwanya kwenye mawingu: anga ikiwa wazi na upepo umetulia, lami hupoteza joto upesi. Penye wingu setilaiti huona mgongo wa wingu tu, kwa hiyo kila picha hupimwa dhidi ya kituo cha kando ya barabara. Joto la uso wa lami likishuka chini ya sifuri, na pia chini ya kiwango ambacho unyevu wa hewa huanza kutua, utelezi uko njiani.

Saa 11 jioni. Hesabu. Njia ya kilomita 40, upana mita 7, gramu 10 za chumvi kwa mita ya mraba: kilo 2,800. Tukilowesha kwa asilimia 30, kilo 1,960 ni chumvi kavu na 840 ni maji ya chumvi, kama lita 720. Maji hayo huchanganywa kilo 23 za chumvi kwa lita 77 za maji. Chumvi kavu tupu hurukaruka na kuishia mtaroni.

Saa 1 usiku. Antena ya GPS, kipokezi cha setilaiti kinachoonyesha lori lilipo, ifutwe. Theluji kavu haisumbui sana. Iliyolowa huzuia mawimbi. Viungio vya nyaya navyo vikaguliwe, maana chumvi huvila.

Saa 3 usiku. Lori linatoka, kilomita 50 kwa saa. Kwa mwendo huo husonga karibu mita 14 kila sekunde, na kipokezi kikituma mahali lilipo mara moja tu kwa sekunde, amri ya kuongeza chumvi darajani huchelewa. Mpaka wa daraja kwenye ramani tunausogeza nyuma mita 30. Umbali kutoka antena hadi sahani ya kurushia chumvi nao huingizwa kwenye programu. Wengi husahau hili, kisha wanalaumu setilaiti.

Saa 7 usiku. Ramani inaonyesha kijani njia nzima, lakini kilomita 6 hazina hata punje. Bonge la chumvi yenye unyevu limeziba mlango wa tangi, sahani inazunguka bure. GPS inajua lori lilipita, haijui kilichomwagika. Dawa ni kitambuzi cha mtiririko chini ya mlango, si cha mzunguko wa sahani peke yake.

Saa 10 alfajiri. Theluji imefukia kingo za barabara. Masahihisho ya GPS yanayokuja kwa mtandao wa simu humwonyesha dereva wa bamba la kusukuma theluji ukingo kwa usahihi wa sentimita. Bondeni mtandao ukikatika, kosa hurudi kuwa mita kadhaa huku mstari kwenye skrini ukiendelea kung'aa vilevile. Hapo dereva afuate nguzo za kando, na kama hazionekani, apunguze mwendo.

Saa 1 asubuhi. Mizani. Kumbukumbu inasema kilo 2,800 zimetumika. Lori limepungua kilo 2,450. Tunaweka turubai chini ya sahani, tunaendesha mashine dakika moja, tunapima kilichoanguka na kurekebisha mlango kabla ya zamu ya jioni.