Maiki ipi ya kurekodia sauti katika nyumba ya Unguja

Anayetaka kurekodi qasida, taarab au usomaji wa hadithi nyumbani huanza kuuliza anunue maiki gani. Mie ningeanza na chumba. Nyumba ya Mji Mkongwe ina kuta nene za mawe na chokaa, kelele za nje hupungua, lakini ndani sauti inagonga ukuta mgumu na kurudi. Nyumba ya bati ina tabu nyengine: mvua ikinyesha hakuna kurekodi, na madirisha ya nondo na wavu yanaingiza kunguru, bodaboda na adhana ya msikiti wa jirani.

Kwa vyumba kama hivyo naanza na maiki ya dainamiki, yaani ya koili na sumaku isiyohitaji umeme, mfano Shure SM58. Wengi husema dainamiki "haisikii" kelele za chumba. Si kweli. Ukiiweka pale pale penye kondensa (maiki nyeti zaidi, inayohitaji umeme), ukapandisha geini, yaani kiasi cha kukuza sauti, mpaka zilingane, pangaboi utalisikia karibu sawa. Faida yake ni kwamba inastahimili kuimbiwa mdomo ukiwa sentimita 5 tu, ilhali kondensa kubwa kwa kawaida huimbiwa kwa sentimita 15 hadi 20. Kila ukipunguza umbali kwa nusu, sauti yako hupanda desibeli 6 na kelele za chumba hubaki zilivyo. Kutoka 20 hadi 5 ni desibeli 12, na hizo hununui dukani. Ukaribu huo unaongeza besi, kwa hiyo kwenye programu kata sauti zilizo chini ya hezi 80, au 100 kwa sauti ya kike.

Kondensa nzuri ina utulivu wa ajabu. Kondensa ya Rode NT1 ina kelele zake yenyewe za desibeli 4.5 tu, ya Audio-Technica AT2020 ina 20. Lakini pangaboi likizunguka, kelele za chumba zinazidi zote mbili kwa mbali, na tofauti uliyoilipia huisikii. Kama chumba chako kinatulia usiku na unaweza kuzima kila kitu, hapo kondensa ina haki yake.

Maiki ya dainamiki inatoa umeme mdogo sana: SM58 hutoa milivolti 1.85 kwa sauti ya desibeli 94, AT2020 hutoa kama 14. Ndiyo maana priampu, saketi inayokuza umeme huo wa maiki, ni muhimu. Tafuta kadi ya sauti ya USB (kifaa chenye priampu kinachounga maiki na kompyuta) yenye geini ya desibeli 56 au zaidi. Kwa mwimbaji wa sauti kubwa aliye karibu na SM58, 56 zinatosha. Kwa msomaji wa sauti ya chini kwenye Shure SM7B, dainamiki nyengine, hazitoshi; watengenezaji wenyewe wanataka angalau 60. Hapo ongeza kikuza cha kuunga kwenye waya, kama Cloudlifter CL-1, kinachotoa desibeli 25. Kinatumia volti 48 za kadi wala hakizipitishi kwenye maiki. Kwenye karatasi ya vipimo ya kadi angalia EIN, yaani kelele za priampu yenyewe, ambayo ikizidi kushuka chini ya sifuri ndiyo bora: -128 dBu ni nzuri sana. Mpaka wa maumbile kwa ukinzani wa omu 150, kama wa maiki, uko karibu na -131, kwa hiyo priampu ya ghali ya pembeni itakupa rangi ya sauti, haitakupa ukimya zaidi.

Chagua kadi inayokula umeme wa laptopu yenyewe. Soketi nyengine zina matundu matatu huku waya wa ethi (wa kwenda ardhini) haujaungwa ukutani, na chaja ikichomekwa unasikia mngurumo wa hezi 50 na 100. Rekodi kwa betri, chaja imechomolewa. Umeme ukikatika katikati ya ubeti, kazi haipotei.

Kiswahili chetu kina tabu ya peke yake. Paa wa porini hutamkwa kwa pumzi, paa la nyumba halina pumzi hiyo, na ile pumzi ndiyo inayopiga maiki "bub!". Geuza maiki pembeni kwa digrii 30 hadi 45, iangalie pembe ya mdomo, na uweke kichujio cha kitambaa mbele. Nyuma ya mwimbaji, ambako maiki inatazama, tundika godoro la sufi au mablanketi mawili mazito. Khanga haizuii kitu, nyepesi mno.

Masika, kondensa huanza kutoa milio ya kupasuka, kwa sababu unyevu unavujisha chaji ya kiwambo, ule utando wa ndani unaopokea sauti. Ihifadhi kwenye chombo kisichopitisha hewa pamoja na silika jeli. Usitumie mchele, unatoa vumbi. Ukiitoa chumba chenye kiyoyozi, isubiri nusu saa kabla ya kuiwasha.

Kabla ya kurekodi kwa dhati, weka programu kwenye biti 24 na kilohezi 48, vilele vya sauti vifike karibu na -12 kwenye mita yake. Nyamaza sekunde 30, kisha imba. Tofauti kati ya ukimya na sauti ikiwa chini ya desibeli 40, sikiliza ni kelele gani: mngurumo ni umeme, "shhh" ya sawasawa ni geini iliyopandishwa mno, na uvumi unaopanda na kushuka ni pangaboi.