Chaki kwenye Ukuta wa Wrigley

Somo la wiki: Yoshua 4:1-9 na 19-24. Soma pia Zaburi 126 na Walawi 16:20-22.

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Wapo watakaojiuliza besiboli ya Marekani inatafuta nini kwenye tafakari yetu. Vuteni subira kidogo. Habari ya wiki hii ni kukumbuka, na kwa kazi hiyo mashabiki wa Chicago Cubs ni mafundi.

Timu yao ilitwaa ubingwa mwaka 1908, kisha ikakaa bila huo ubingwa mpaka 2016. Miaka 108. Aliyezaliwa mwaka ule wa kwanza aliweza kukua, kuoa, kupata wajukuu na vitukuu, akazikwa, na Cubs bado. Ushindi ulipokuja ulikuja ugenini, mjini Cleveland, usiku wa tarehe 2 Novemba kuamkia tarehe 3. Kule Chicago uwanja wao wa nyumbani, Wrigley, ulikuwa hauna mechi, lakini barabara zinazouzunguka zilifurika watu. Siku zile walikuja na chaki. Waliandika kwenye ukuta wa matofali upande wa mitaa ya Waveland na Sheffield, na palipojaa chini wakatafuta pa kukanyagia ili waandike juu zaidi. Majina ya wachezaji yalikuwepo. Yaliyowagusa wapita njia yalikuwa mengine: ya baba, ya babu, ya bibi, ya watu walioifuata timu maisha yao yote wakafa haijashinda.

Msomaji wa Biblia anaufahamu ukuta wa namna hiyo. Waebrania 11:13 inasema, "Hawa wote wakafa katika imani, wasijazipokea zile ahadi, bali wakaziona tokea mbali."

Tuweke mpaka mapema, maana tunajuana. Hatusemi Mungu alikuwa upande wa Cubs. Cleveland nao walikuwa na waombaji usiku ule, nao hawakuwa wamepata ubingwa tangu 1948, na asubuhi yake wakaamka wakiendelea kungoja. Halafu kuna hesabu ambayo mashabiki wanaipenda sana: mpira wa besiboli hushonwa mishono pacha 108. Ni kweli, hesabuni. Lakini asitokee wa kutujengea fundisho juu ya uzi.

Turudi kwenye somo letu, mto Yordani, ambao maji yake yalisimama ili Waisraeli wavuke. Maagizo ya Yoshua 4 yana vipimo. Watu 12, mmoja kwa kila kabila. Kila mmoja jiwe moja, la ukubwa wa kubebwa begani. Na mahali pa kuliokota pametajwa: katikati ya mto, pale miguu ya makuhani iliposimama. Ukingoni mawe yalikuwepo tele, tena mepesi kuyafikia, wala hakuna aliyeambiwa achukue huko. Jiwe la kumbukumbu lilitoka pale ambapo maji yangerudi dakika ile wote wangezama.

Sasa angalieni mashabiki wanavyoirudia mechi ya 7, ile ya mwisho ya fainali ya 2016. Hawairukii picha ya mwisho ya kombe. Wanashuka mtoni.

Kwa asiyeufuata mchezo huu: kila timu hupata raundi 9 za kupiga, na zamu huisha wachezaji watatu wakitolewa. Mpigaji akizunguka vituo vitatu na kurudi pale alipoanzia, panapoitwa nyumbani, timu yake inapata mkimbio mmoja. Mechi haina muda maalumu wa kumalizika. Anayeongoza hawezi kujiangusha chini kupoteza muda kama tulivyozoea kuona kwenye soka. Ni lazima amtoe yule mtu wa mwisho.

Cubs waliongoza 5–1, baadaye 6–3, na katika raundi ya 8 walibakiza watu wanne tu wa kutoa. Kocha Joe Maddon akamwingiza Aroldis Chapman, mtupaji ambaye mpira wake hufikia kasi ya kilomita 160 kwa saa. Tatizo lilikuwa mkono wenyewe. Katika mechi ya 5 ulikuwa umetupa mara 42, na katika mechi ya 6 ukatumika tena ilhali timu ilikuwa mbele kwa mikimbio 5. Mkono uliochoka hupunguza kasi kidogo tu, na kwa mpigaji wa kiwango kile hicho kidogo kinatosha. Brandon Guyer wa Cleveland akapiga, ikawa 6–4. Akaja Rajai Davis, ambaye sifa yake ni mbio kuliko nguvu. Alilishika gongo juu kidogo ya mwisho wa mpini, ili liwe jepesi kuzungusha mbele ya mpira wa kasi, akaupeleka mpira nje ya uzio wa kushoto, na yeye na Guyer wakaingia nyumbani. 6–6.

Raundi ya 9 haikuzaa kitu, kisha mvua ikanyesha. Turubai likatandazwa, mchezo ukasimama dakika 17. Jason Heyward akawaita wenzake kwenye chumba cha kunyanyulia vyuma, bila kocha. Huyu si msemaji, na mwezi mzima gongo lake lilikuwa kama limelala. Aliyekuwa na kila sababu ya kukaa kimya ndiye aliyewakumbusha kwamba wao ni timu nzuri na kwamba wategemeane. Wenzake walisimulia baadaye kuwa Chapman alikuwa akilia. Mashabiki wengi wa Cubs watakwambia fainali ilishindwa humo chumbani, kabla turubai halijaondolewa.

Waliporudi uwanjani kwa raundi ya 10, ya kuvunja sare, Kyle Schwarber wa Cubs ndiye alianza kupiga. Alikuwa amechanika kano za goti mwezi Aprili, akakosa msimu karibu wote, na kwa fainali madaktari walimruhusu kupiga tu, si kulinda uwanja. Akafika kituo cha kwanza. Albert Almora akaingia akimbie badala yake, na hapa ndipo msimulizi mzuri huweka vikombe mezani kuwa vituo na kukuonyesha. Kris Bryant akapiga mpira wa juu sana, ukaenda mbali katikati ya uwanja. Kanuni ni kwamba mpira ukidakwa kabla ya kugusa chini, mkimbiaji aliyetoka kituoni lazima arudi akiguse upya; asipowahi, naye anatolewa. Kwa hiyo wengi hukimbia nusu ya njia wakasimama waone. Hapo unapona, lakini husongi mbele. Almora alirudi, akaweka mguu juu ya kituo, akangoja mpaka mpira ulipotua kwenye glavu ya Davis, ndipo akachomoka hadi kituo cha pili. Cleveland wakaona afadhali wampe Anthony Rizzo kituo cha bure, wakutane na Ben Zobrist. Zobrist, mwana wa mchungaji, akausukuma mpira sambamba na mstari wa kushoto, Almora akaingia nyumbani: 7–6. Miguel Montero akaleta wa 8.

Cleveland wakarudisha mmoja. Wawili walikuwa wameshatolewa Mike Montgomery alipoingia kutupa. Mpira wa mwisho ulitambaa chini kumwelekea Bryant. Ameuokota huku anatabasamu, mguu ukateleza kwenye nyasi zilizolowa, akautupa hivyo hivyo kwa Rizzo. 8–7. Rizzo akautia mfuko wa nyuma wa suruali.

"Tulikuwa kama waotao ndoto," inasema Zaburi 126. Lakini zaburi hiyo haikomi kwenye kicheko. Mistari michache mbele kuna mtu anayekwenda akilia, amebeba mbegu.

Kumbukumbu ina ubaya wake pia. Mwaka 1945, kwenye mechi ya 4 ya fainali, mwenye baa mmoja mhamiaji kutoka Ugiriki, Billy Sianis, alifika Wrigley na mbuzi. Mbuzi akakataliwa kwa sababu ya harufu, na yasemekana mwenyewe akailaani timu. Cubs wakashindwa fainali ile, wakakaa miaka 71 bila kurudi fainali nyingine, na laana ya mbuzi ikawa jibu la kila swali. Jibu la namna hiyo ni tamu: halimdai mtu kujirekebisha.

Tarehe 14 Oktoba 2003 mbuzi akapatikana mwenye miguu miwili. Cubs walikuwa mbele 3–0, wamebakiza watu watano wa kutoa ili waingie fainali, mpira ulipoangukia ukingo wa jukwaa la kushoto. Watazamaji kadhaa waliunyooshea mkono. Mmoja akaugusa, na mchezaji wa Cubs, Moisés Alou, akaukosa. Baada ya hapo mtupaji akampa mpigaji yule yule kituo cha bure. Kisha Alex Gonzalez, naye wa Cubs, akaangusha mpira wa chini ambao ungeweza kuwatoa watu wawili kwa mkupuo. Mikimbio 8 ikaingia katika raundi moja. Kesho yake walipata mechi nyingine, wakatangulia 5–3, wakafungwa 9–6. Yote hayo yaliandikwa kwenye karatasi za matokeo, lakini lawama alibebeshwa shabiki mmoja aliyekuwa amelipia kiti chake. Alitolewa uwanjani chini ya ulinzi, watu wakimtupia bia.

Someni Walawi 16:21 polepole. Haruni anaweka mikono miwili juu ya kichwa cha mbuzi aliye hai na kuungama juu yake uovu wote wa wana wa Israeli. Ungamo linatangulia, na ni la walioko kambini. Sisi huruka hatua hiyo. Tunaweka mikono kichwani bila kuungama, kisha tunamfukuzia mtu nyikani na dhambi zetu. Kikundi cha kanisa kikisimulia kwa nini ujenzi ulikwama miaka tisa, sikilizeni ni mara ngapi atatajwa mweka hazina wa zamani, na ni mara ngapi zitatajwa ahadi ambazo wasimulizi wenyewe hawakuzitimiza.

Mwaka 2017 klabu ilimpa yule shabiki pete ya ubingwa. Akaipokea. Ilikuja miaka 14 baadaye, na tunaona ilichelewa.

Kwa ushirika wa nyumba kwa nyumba wiki hii tunapendekeza saa moja, watu 8 hadi 12, na mashahidi watatu tu, dakika 7 kila mmoja. Waambiwe siku tatu kabla. Anayeitwa papo hapo huokota jiwe la ukingoni: "Namshukuru Mungu kwa yote," akaketi. Kila shahidi aseme mto ulikuwa wapi, kwa mwezi na mwaka. Nani alisimama naye kwenye maji. Na nani alikuwa anauombea ushindi ule akafa hajauona. Swali la tatu ndilo linaloshikilia jioni nzima, msilipunguze muda.

Yanayoharibika yanajulikana. Ushuhuda hugeuka mahubiri shahidi anapoacha "mimi" na kuanza "sisi tunapaswa", kiongozi amrudishe kwa swali moja la upole, "Na siku ile ulikuwa wapi?" Shahidi wa pili hutaka mto wake uwe na kina kuliko wa kwanza, kwa hiyo mwenye habari nzito azungumze mwisho. Mtu hutaja kosa la ndugu asiyekuwepo. Hapo katisheni bila kuona haya. Na kama kuna anayengoja bado, mtoto hajapatikana, kesi haijaisha, asisukumwe kushuhudia kwa imani. Akae tu. Cleveland ipo katika kila chumba.

Watoto wasipelekwe nje. Sura ya 4 yote imejengwa juu ya swali la mtoto, hivyo mtoto mmoja ndiye afungue jioni kwa kuuliza mawe yale maana yake ni nini. Wekeni mezani mawe 12 ya ukubwa wa ngumi, makavu, maana chaki haishiki kwenye jiwe lenye unyevu. Mwishoni kila mtu aandike juu ya jiwe jina moja la aliyekufa akingoja. Jina la kwanza linatosha.

Kuta za Wrigley zilisafishwa baadaye, na chaki yote ikaenda na maji. Walioandika walijua itakuwa hivyo. Kuna mstari ambao wengi tunaupita haraka, Yoshua 4:9: mbali na mawe yaliyopelekwa Gilgali, walikopiga kambi, Yoshua alisimamisha mengine 12 mle mle mtoni, penye miguu ya makuhani, na mto ukarudi ukayafunika. Hakuna mtoto ambaye angeyaona akauliza. Someni mstari huo kwa sauti mara mbili kabla ya kufuta majina, kisha anayeishi jirani na mto au bahari aondoke na mawe yale.