Siku Moja Maishani Mwangu, Nikimuuguza Simba

Saa kumi na moja alfajiri

Kabla sijawasha jiko, natoka uani nikiwa na kipimajoto. Simba, mbwa wetu wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 18, kwa kawaida huinuka mara tu komeo la mlango linapofunguliwa, lakini leo amebaki kwenye gunia lake na masikio yake yana moto. Pua kavu au masikio ya moto havitoshi kuthibitisha homa, kwa hiyo ninapaka mafuta ya mgando kwenye ncha ya kipimajoto, ninakiingiza taratibu kwenye njia ya haja kubwa, kisha ninasubiri kilie. Kinasoma 40.3. Joto la mbwa mwenye afya huwa kati ya nyuzi 38.3 na 39.2, yaani nyuzi 39, ambazo zingemlaza mtoto kitandani, kwa mbwa ni jambo la kawaida, na ndiyo sababu kumpapasa kwa kiganja hakufai kitu.

Hali hii imekuwa ikija na kuondoka tangu masika ya mwaka jana. Homa hupanda usiku, asubuhi hutapika povu la manjano, mchana huhara, na baada ya muda mfupi husimama, hula na kubweka langoni kama kawaida yake, hata watu wote nyumbani wakaanza kuamini kwamba amepona. Ninaandika kwenye daftari saa, joto, rangi ya matapishi na chakula alichokula jana.

Saa kumi na mbili na nusu

Ninainua mdomo wake na kubonyeza ufizi kwa kidole: weupe unaobaki unarudi kuwa wa waridi kabla ya sekunde mbili kupita, nami nashukuru. Ninavuta ngozi ya mabegani kisha naiachia; inarudi mahali pake polepole kuliko inavyopaswa, dalili kwamba maji yamepungua mwilini. Mbwa wa uzito wake anahitaji takriban lita moja ya maji kwa siku, na zaidi ya hapo anapohara, ila akinywa mengi kwa mkupuo mmoja atayatapika yote. Kwa hiyo ninampa vijiko vichache kila baada ya muda.

Dawa simpi. Mtaani kwetu wengi hukimbilia vidonge vya binadamu, na wanafanya hivyo kwa huruma, lakini parasetamoli inaweza kuharibu ini la mbwa na chembe zake nyekundu za damu, huku ibuprofeni na diklofenaki zikiweza kutoboa tumbo na kuumiza figo. Ningependa kila mwenye mbwa alijue jambo hili. Zaidi ya hayo, daktari aliniomba waziwazi: “Mama, homa ikipanda mlete siku hiyohiyo, kabla hujampa chochote.” Kidonge cha antibayotiki kilichotangulia kinaweza kuficha kile ambacho maabara inakitafuta.

Saa mbili asubuhi

Ninafungua chumba cha mbele, ambako nashona. Bibi harusi anakuja kesho kuchukua sare za shangazi zake, na magauni mawili bado hayajatiwa zipu. Ninamwachia msaidizi wangu kazi ya kupindia, kisha nampigia simu kijana wa bajaji ambaye hakatai kumbeba Simba, mradi tu nitandike turubai kitini na mbwa awe amefungwa mdomo kwa utepe. Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa nakitia mkobani, kwa kuwa mnyama mgonjwa anayeshikwashikwa na watu wengi lazima awe na chanjo inayojulikana.

Saa nne asubuhi

Kuishi Morogoro kuna neema yake: hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo ipo hapahapa mjini, chini ya milima ya Uluguru. Daktari anasoma daftari langu ukurasa kwa ukurasa kabla hajamgusa mgonjwa. Anachukua damu kutoka kwenye mshipa wa mguu wa mbele, halafu anachoma kidogo ukingo wa sikio ili apate tone jingine la kutandaza kwenye kioo cha hadubini, kwa sababu vijidudu vya babesia, ambavyo navyo huenezwa na kupe, huonekana kwa urahisi zaidi katika mishipa midogo kama ile ya sikio.

Tangu mwanzo mshukiwa mkuu amekuwa erlikia, bakteria anayeenezwa na kupe wa kahawia wa mbwa na kuishi ndani ya chembe nyeupe za damu. Simba alishapewa antibayotiki ya doksisaiklini kwa siku 28 kamili, akanenepa, manyoya yakang'aa, kisha homa ikarudi. Je, ni vijidudu vilevile vilivyojificha, ni kupe wapya, au tangu awali ulikuwa ugonjwa mwingine kabisa? Kwenye kioo erlikia huonekana kwa nadra hata anapokuwepo, hivyo kutoonekana kwake hakumwondoi kwenye orodha. Daktari ameuliza tena kama Simba amewahi kupelekwa upande wa Mikumi, ambako mbung'o hueneza nagana, yaani malale ya wanyama. Hajawahi. Ameuliza pia kuhusu panya, nami nimemwambia ukweli kwamba wakati wa masika wanajaa kwenye stoo ya mahindi; kwa hiyo leo ameongeza kipimo cha leptospira, bakteria ambayo panya huisambaza kwa mkojo. Sampuli ya pili itahitajika baada ya wiki mbili hadi nne ili zilinganishwe.

Matokeo ya awali yanatoka tukiwa tunasubiri. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, ni chini ya 150,000, wakati zilitarajiwa kuanzia 200,000, na damu imepungua kidogo. Babesia hakuonekana. Simba anawekewa maji kwa mshipa na kudungwa sindano ya kuzuia kutapika. Kukosa jina la ugonjwa kunachosha, na nimewahi kulia humo ndani mbele ya wanafunzi. Hata hivyo, kila kinachoondolewa kwenye orodha kinapunguza eneo la kutafuta, na mgonjwa hahitaji jina ili apewe maji.

Saa nane mchana

Nyumbani ninampa wali laini uliochanganywa na nyama ya kuku iliyochemshwa bila ngozi, chumvi wala kitunguu, ambacho ni sumu kwa mbwa. Anakula robo tu. Mama jirani, ambaye kwa imani yake hagusi mate ya mbwa, amesimama kwenye ua kuniuliza hali ya mgonjwa na ameniletea maji ya mchele. Kisha narudi kwenye cherehani hadi zipu zote mbili zikamilike.

Saa kumi na moja jioni

Jua likipungua, ninavaa glavu na kuosha sakafu ya banda, kwa maana leptospira humpata binadamu pia, na watoto wamekatazwa kuingia humo mpaka majibu yatoke. Halafu ninamkagua Simba katikati ya vidole, ndani ya masikio na chini ya mkia. Kupe huyu wa kahawia hutaga maelfu ya mayai ndani ya nyufa za ukuta, na anaweza kukaa miezi kadhaa bila kunywa damu. Kumwogesha mbwa huku nyufa zikiachwa ni kazi bure. Mume wangu ameziba kwa saruji nyufa za upande wa kaskazini, na leo ameanza ule ukuta unaopakana na stoo. Mahindi yamehamishiwa kwenye pipa lenye kifuniko.

Saa tatu usiku

Kipimajoto kinasoma 39.6. Bado ni homa, ila imeshuka, na hajatapika tangu alipodungwa sindano hospitalini. Kama ingepita 41, ningempigia daktari usiku huuhuu. Ninamalizia ukurasa wa daftari, naweka mlio wa simu uniamshe saa tisa usiku kumpima tena, na natenga kikopo safi cha kinyesi cha asubuhi, ambacho maabara inataka kukipima minyoo na giadia, kijidudu cha utumbo, kabla ya saa tatu.