Nyota ya Bama ya babu: nilivyoirudishia utepe wake

Jamani nimemaliza. Nyota mbili za babu, yaani nishani zake za Vita ya Pili ya Dunia, ziko ukutani hapa kwangu Nyegezi, Mwanza, tepe zake zimekamilika rangi zote, na kila mgeni akiingia lazima nimsimamishe pale nimuelezee.

Babu alikuwa keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, alichukuliwa kutoka Magu akiwa kijana kabisa. Alienda na ile Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale wenye beji ya kichwa cha kifaru begani, wakapelekwa kwanza Ceylon (sasa Sri Lanka) mwaka 1943 halafu 1944 wakaingia Bama, yaani Burma, siku hizi Myanmar, wakapita Bonde la Kabaw kwenye mvua na tope na malaria mpaka wakafika Kalewa kwenye mto Chindwin. Nyumbani sisi tulikua tunajua tu kwamba babu alipigana na Mjapani, basi. Nishani bibi alizifunga kwenye kipande cha kanga akazitia kwenye sanduku la bati, na mwaka huu mama mdogo akanipigia akasema njoo uzichukue kabla watoto hawajaenda kuchezea.

Nyota zenyewe ukizitazama haraka utasema ni pacha. Zote zina ncha sita, katikati herufi GRI na namba VI ya kirumi, huyo ndo mfalme George wa sita, juu yake taji, na maneno yamezunguka. Moja imeandikwa The Burma Star, nyingine The 1939-1945 Star. Nyuma hakuna kitu. Kuna mtu aliniambia eti nikamchongeshee babu jina nyuma maana bila jina haina thamani, si kweli, Uingereza iliamua nishani za vita ile zitolewe bila majina, waliochongewa ni kama Wahindi, Waaustralia na Waafrika Kusini. Niliacha vile vile.

Sasa ushauri ulioniumiza. Jamaa mmoja mjini, fundi wa vito, kwanza akapima kwa mkono akasema hii sio dhahabu nitakupa bei ya skrepa. Bei ya skrepa! Nikamwambia siuzi, akasema basi sugua na limau na majivu itang'aa. Nikaenda nyumbani nikaanza na ncha moja tu ya Nyota ya Bama, namshukuru Mungu ni moja, baada ya dakika chache nikaona imegeuka rangi ya waridi. Kumbe ile ni shaba iliyochanganywa na zinki, limau linaila zinki inabaki shaba tupu, na hairudi tena. Mpaka leo ile ncha ya chini kushoto ina doa. Kitambaa kikavu kinatosha, usiweke kitu kingine.

Shida kubwa ilikua tepe. Jua na vumbi vimezipausha zote mbili zikawa kijivu kijivu na kahawia, na watu kila mtu anasema rangi yake, mmoja kaniambia weka bendera ya Uingereza tu. Nikakaa nazo usiku mezani nikiziangalia, ndo nikaona pale utepe unapopita kwenye pete umejikunja ndani. Nikafungua mshono wa nyuma polepole na wembe, nikaukunjua, na pale ndani ambapo jua halijafika miaka yote hiyo rangi ziko kama zimetoka dukani jana! Bluu ya giza, nyekundu katikati, bluu tena, na kila bluu ina mstari wa chungwa katikati yake. Nililia kidogo, sioni aibu. Ile nyekundu ni majeshi ya Uingereza na makoloni yake, na ya chungwa ni jua. Nyingine ikaonyesha bluu ya giza, nyekundu, bluu ya mwanga, yaani jeshi la maji, la nchi kavu na la anga.

Basi nikaenda kwa mama mmoja anashona pale karibu na Makoroboi, nikanunua ribeni za bluu na nyekundu, upana wote uwe milimita 32, na ule mstari wa chungwa hakuna ribeni nyembamba hivyo kwahiyo akaupiga na uzi kwa zigizaga mpaka ukajaa. Huyo mama ana mkono! Ribeni, uzi na kushona haikufika elfu ishirini, fremu ndo ilikula zaidi.

Ile ya 1939-1945 mwanzo aliigeuza, bluu ya giza ikakaa upande wa bega la kushoto, ilhali inatakiwa ikae mbali na bega, kuelekea katikati ya kifua. Nikamrudishia, akanitazama akasema, "Mwanangu, nani ataona?" Nikamwambia, "Mama, babu angeona." Akafumua bila neno, hakunidai hela nyingine. Tepe za zamani hazijatupwa, ziko kwenye bahasha nyuma ya fremu, na ile sehemu iliyokunjwa nimeirudisha imekunjwa vile vile.