Sinema Isiyo na Mtafsiri

Mwaka 2006 maji ya Ziwa Victoria yalishuka, na sisi wa Jinja, Uganda, tunaoishi na bwawa la umeme pua na mdomo, tukawa watu wa giza. Jumamosi moja umeme ukarudi wakati wa magharibi. Watoto walikuwa Bugembe kwa bibi yao. Nikaweka DVD niliyoazimwa na mwalimu mwenzangu: Viaggio in Italia, ya Roberto Rossellini.

"Haina VJ?" akauliza mume wangu, Baba Zaitun. Tumezoea zile za vibandani Walukuba, ambazo VJ, yaani mtafsiri, huzitafsiri kwa Kiganda kwa sauti ya juu mwanzo hadi mwisho. Hii ilikuwa na Ingrid Bergman, George Sanders na ukimya mwingi.

"Ya mwaka gani?"

"1954."

"Mwaka Malkia Elizabeth alipokuja kufungua bwawa." Akanyamaza. Ndivyo tulivyokuwa siku hizo: ada, makaa, mlango umefungwa? Basi.

Mume na mke kutoka Uingereza wanakwenda Napoli kuuza nyumba ya urithi. Tangu waoane hawajawahi kukaa wawili peke yao hivi, na hawana la kuambiana. Nilimtupia jicho mwenzangu. Alikuwa anamenya karanga, macho kwenye televisheni. Moyo uliniuma, nikatamani VJ aingie atusemee.

Kisha Pompeii, mji wa kale uliozikwa na volkano. Wachimbaji wamemimina plasta katika uwazi ulioachwa na miili ndani ya majivu, sasa wanafukua taratibu: mkono, mguu, fuvu lenye meno. Ni mwanamume na mwanamke, wamelala pamoja tangu mlima Vesuvius ulipolipuka mwaka 79. Bergman analia, hawezi kuendelea kutazama.

Umeme ukakatika.

Mwisho wake niliuona miaka mingi baadaye. Wanakumbatiana ghafla katikati ya maandamano ya kidini, na hadi leo kumbatio lile siliamini. Kwangu mimi sinema ile iliishia kwenye majivu.

Hakuna aliyeinuka kutafuta mshumaa. Jenereta ya jirani ikaanza kunguruma.

"Mama Zaitun."

"Abee."

"Wale wawili, waliwahi kuamka kweli?"

"Sijui, Baba Zaitun."

Nikasikia kisahani kikisuguana na meza, kikija upande wangu. Nikapapasa. Karanga zilikuwa zimejaa, zote zimemenywa. Hakuwa amekula hata moja.