Fomu ya Word: visanduku vya ukurasa wa pili vilikuwa havikubali tiki

Hatimaye imekubali! Fomu yangu imefungwa kwa nenosiri; ukurasa wa kwanza ulijazika vizuri, wa pili visanduku vikagoma, na ukikosea kidogo unafuta hata swali lenyewe. Niliweka upya nafasi za kujaza, nikabadilisha kompyuta, wapi.

Kumbe hati ilikuwa imegawanywa sehemu mbili. Fungua kidirisha cha kuzuia uhariri, ondoa ulinzi kwanza. Chini kabisa ya chaguo la kujaza fomu kuna kiungo kidogo cha kuchagua sehemu, rahisi sana kukipita. Nilipokibofya, Sehemu ya 2 haikuwa na tiki, yaani ulinzi haukuigusa! Nikaitia, nikarudisha ulinzi wa hati. Sasa kitufe cha Tab kinaruka kisanduku hadi kisanduku, mpaka mwisho.