Nilivyoombea Hataza Mbuzi Yangu ya Nazi

Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa nijitumie michoro kwa rejista ya posta na kuihifadhi bahasha bila kuifungua, eti muhuri ungekuwa ushahidi. Niliufuata, na hadi leo unanikera, kwa sababu bahasha hiyo haimpi mtu hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kutengeneza au kuuza uvumbuzi wake bila idhini. Kinachohesabika ni tarehe ya ombi lililowasilishwa BRELA, wakala wa serikali ya Tanzania unaosajili biashara na hataza. Mwingine alinihimiza niipeleke mashine kwanza kwenye maonesho ya biashara ya Sabasaba kupima soko. Nashukuru sikumsikiliza, maana uvumbuzi uliokwisha kuoneshwa hadharani unaweza kupoteza sifa ya upya.

Kifaa chenyewe ni mbuzi ya kukunia nazi inayozungushwa kwa pedali, yenye springi inayokirudisha kifuu nyuma mara tu meno yanapomaliza nyama nyeupe, ili chicha isichanganyike na chembe za kahawia.

Katika rasimu ya kwanza ya madai, yaani sentensi za ombi zinazoeleza ni kitu gani hasa kinacholindwa, nilitaja springi ya sentimita nane na meno kumi na mawili, nikiamini kwamba kila kipimo kinaongeza ulinzi. Nilimpelekea fundi wangu wa Gerezani, aliyekuwa ametia saini ahadi ya kutunza siri, nikamwomba atafute namna ya kuunda kifaa kile kile bila kugusa dai hata moja. Alisoma huku akinywa chai, na kikombe hakijafika nusu akasema, “Kaka, mimi naweka meno kumi na manne, na badala ya springi nafunga mpira wa tyubu ya baiskeli. Utanishtaki kwa lipi?” Niliandika upya mara tatu, hadi dai la kwanza likataja “kiungo chenye mnyumbuko” pekee, na vipimo nikavihamishia kwenye madai tegemezi, yale yanayoliegemea dai la kwanza na kuliongezea maelezo. Usiwasilishe madai ambayo fundi mjanja hajajaribu kuyakwepa.

Kuchomelea vyuma kwa kufuata michoro yangu kusingemfanya mvumbuzi, lakini wazo la mpira lilikuwa lake na limo ndani ya madai; kwa hiyo nimemwandika mvumbuzi mwenza, na mgawanyo wetu tumeuweka kwenye maandishi. Mwajiriwa asome mkataba wake mapema, kwani uvumbuzi unaotokana na kazi aliyoajiriwa kuifanya kwa kawaida huwa wa mwajiri.

Ada hazikuniumiza kama malipo ya mchoraji. Sasa tunahesabu miezi 12 ya kipaumbele chini ya Mkataba wa Paris, muda ambao ombi la nje ya nchi bado huhesabiwa kwa tarehe ya ombi la kwanza, tukifikiria kuomba pia ARIPO, shirika la kikanda la miliki bunifu barani Afrika lililoko Harare, kwa ajili ya Kenya na Msumbiji. Siku tuliyopata namba ya ombi, tuliiondolea mashine turubai tukaikunia nazi mbele ya majirani.